Sikio moja tu linalosikia: kisa cha kolesteatoma iliyotoboa mfereji wa sikio la ndani

Kisa hiki nimekiunda kutokana na hali ambayo madaktari wa masikio, pua na koo wa ukanda wetu wanaijua vizuri. Mgonjwa wake si mtu halisi unayeweza kumtafuta, ila hatua anazopitishwa ndizo zinazochukuliwa kweli, na hatari zinazotajwa zimewahi kuwapata watu.

Ni mwanamke wa miaka 34, mwalimu wa shule ya msingi. Sikio lake la kulia halisikii kitu tangu alipougua matumbwitumbwi akiwa na miaka saba. Ugonjwa ule unaweza kuua usikivu wa sikio moja bila maumivu wala usaha, na mzazi hujua baadaye sana, pale mtoto anapoitwa kutoka upande ule asiitike. La kushoto, ambalo ndilo analofundishia, limekuwa likitoa usaha wenye harufu kwa miaka mingi, unakauka, unarudi. Wakati wa mafua huzidi. Ametiwa matone ya kila aina, mengine ya dukani na mengine ya nyumbani.

Safari hii hakuja kwa sababu ya usaha. Alikuja kwa sababu ya kizunguzungu. Akipiga chafya kwa nguvu, au akipangusa sikio kwa ncha ya kanga, darasa zima linazunguka na lazima ashike meza.

Daktari aliposafisha sikio chini ya hadubini aliona sehemu ya juu ya ngoma ya sikio imeingia ndani na kufanya mfuko, na ndani ya mfuko kuna magamba meupe. Hiyo ni kolesteatoma. Si saratani, ingawa jina lake linatisha. Ni ngozi iliyoingia mahali pasipo pake, na kwa kuwa ngozi haiachi kubanduka, magamba hujikusanya, mfuko hupanuka, na mfupa ulio jirani huliwa kidogo kidogo. Kisha akakandamiza hewa ndani ya mfereji wa sikio kwa kipimo chenye puto dogo. Macho ya mgonjwa yakaanza kurukaruka upande na akaomba asimamishwe.

Jibu hilo linasema mambo mawili. La kwanza ni baya: mfupa unaofunika mojawapo ya mifereji nusu duara, ile ya mizani ya mwili, umetobolewa, na sasa shinikizo la nje linafika moja kwa moja kwenye sikio la ndani. La pili ni zuri, na mara nyingi halisemwi: labirinti, yaani sikio la ndani lenyewe, ikishakufa haiwezi kujibu. Macho yakiruka, sikio la ndani bado lina uhai, kwa hiyo kuna kitu cha kuokoa. Wapo wenye tundu ambao kipimo hiki hakiwaonyeshi chochote, hivyo kimya chake hakimtoi mtu wasiwasi.

Kipimo cha usikivu kilionyesha kwamba kwa njia ya mfupa, yaani uwezo wa koklea yenyewe, sehemu ya sikio la ndani inayosikia, sikio la kushoto linasikia kwenye desibeli 15 hadi 20 kwa sauti za kawaida za mazungumzo, likishuka hadi 35 kwenye hezi 4000. Kwa njia ya hewa, yaani sauti ikipita ngoma na vifupa, lilikuwa kwenye 45; namba ikikua, usikivu umepungua. Picha za CT zenye vipande vyembamba zilithibitisha tundu kwenye mfereji nusu duara wa pembeni, upana wa kama milimita mbili. Ndio unaotoboka zaidi kuliko mingine yote, kwa sababu umejitokeza kwenye njia ambayo kolesteatoma hupita ikitoka sikio la kati kuelekea mfupa wa nyuma ya sikio. Mguu mrefu wa fuawe, kifupa cha katikati kati ya vile vitatu vinavyopitisha sauti, haukuonekana. Kikuku, kile cha mwisho, kilikuwa kimezama ndani ya uvimbe laini, hakisomeki.

Hapa nataka tusimame kwenye namba moja. Sauti hutoka kwenye ngoma ya sikio, hupita nyundo, hupita fuawe, huingia kikuku, na kikuku huisukuma ndani ya koklea. Fuawe ikikatika, daraja limevunjika, na tungetarajia usikivu wa njia ya hewa ushuke hadi 50 au 60. Yeye yuko 45. Kuna kitu kinabeba sauti mahali pa fuawe, na kitu hicho ni mfuko wa kolesteatoma wenyewe, umegusana na kichwa cha kikuku. Ugonjwa unamsaidia kusikia huku unammaliza. Maana yake ni kwamba hata upasuaji ukifanikiwa kwa kila hali, siku za mwanzo atasikia vibaya kuliko alivyokuja. Asipoambiwa hilo mapema, ataamini ameharibiwa.

Kupasua au kutopasua

Kanuni ya zamani ya fani hii inasema usilifanyie upasuaji sikio pekee linalosikia. Naiheshimu kanuni hiyo. Kwa tundu la kawaida kwenye ngoma ya sikio, au kwa mifupa iliyokakamaa, ingetosha kumpa kifaa cha usikivu, kile shule zetu zinachokiita shimesikio, na kumwacha. Lakini kanuni ile iliandikwa kwa upasuaji unaoweza kusubiri. Hapa usaha umekaa juu ya tundu linaloingia labirinti. Siku bakteria watakapopenya, koklea inaweza kufa kwa saa chache, na njia ileile inaweza kuwapeleka kwenye uti wa mgongo na ubongo. Neva ya uso nayo inapita chini tu ya mfereji uliotoboka. Kuacha nako ni uamuzi, na kwa hesabu yangu ndio uamuzi mbaya zaidi kati ya miwili.

Alikuja na kaka yake siku ya mazungumzo. Aliuliza swali ambalo kila mgonjwa makini huuliza.

"Daktari, na nikiliacha hivi hivi?"

"Ukiliacha, Mwalimu, halitabaki hivi hivi. Linaendelea kula mfupa hata wakati halitoi usaha."

"Na mkilipasua, mnanihakikishia nitasikia?"

"Siwezi kukuhakikishia. Ninachoweza kukuambia ni nini nitalinda kwanza na nini niko tayari kukipoteza."

Jibu la mwisho hilo ndilo kiini cha kisa chote. Kuna hasara mbili za usikivu, na hazina uzito sawa. Hasara ya njia ya sauti, yaani ngoma na vifupa, haizidi desibeli 60 hivi, na shimesikio huifidia vizuri kwa sababu koklea iliyo nyuma yake ni nzima. Hasara ya koklea ni nyingine kabisa. Kila sikio huzaliwa na seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000, na kwa binadamu zikifa hazioti tena. Kwa mgonjwa mwenye masikio mawili mpasuaji anaweza kufukuzia vyote, ausafishe ugonjwa wote, ajenge daraja jipya la vifupa, arudishe usikivu siku hiyohiyo. Kwa huyu, kila mara kazi ya kusafisha au kujenga itakapogongana na usalama wa koklea, koklea ishinde.

Walizungumza pia juu ya siku mbaya. Upandikizaji wa koklea unafanyika Tanzania tangu 2017, pale Muhimbili, lakini gharama yake si ndogo na una masharti. Sikio la kulia limekaa kimya kwa zaidi ya robo karne, na sikio lililokaa hivyo mara nyingi halifaidiki sana na kifaa hicho. La kushoto, likifa kwa maambukizi, koklea yake huweza kuanza kujaa mfupa katika wiki chache, kwa hiyo rufaa ingetakiwa kutoka upesi, bila kusubiri kidonda kipone. Mwalimu alijaribishwa shimesikio kabla ya upasuaji ili azoee, na walikubaliana kwamba akizinduka asiposikia, ataandikiwa kwenye daftari. Haya si ya kumtisha mgonjwa. Mtu anayeamka kwenye kimya asichokitarajia hupata hofu ambayo daftari moja tu lingeipunguza.

Kabla drili haijawashwa

Ulinzi wa sikio la ndani huanza mapema kuliko watu wengi wanavyodhani, wiki kadhaa nyuma, kwenye chupa ya matone. Jentamisini na neomisini ni sumu kwa sikio la ndani zikilifikia, na hapa mlango uko wazi. Zilisimamishwa, akapewa matone ya siprofloksasini, ambayo hayana madhara hayo, na sikio likasafishwa chini ya hadubini kila wiki. Hakuna aliyelipiga maji kwa bomba la sindano. Maji ya baridi juu ya tundu kama hili humwangusha mtu pale pale, na shinikizo lake linaweza kufanya kazi ambayo bakteria walikuwa bado hawajaimaliza.

Asubuhi ya upasuaji, swali la kwanza linalopaswa kuulizwa na muuguzi wa chumba cha upasuaji ni dawa gani inapakwa kwenye ngozi. Mwaka 1971 ilichapishwa Uingereza taarifa ya wagonjwa waliopoteza usikivu wa koklea baada ya upasuaji mdogo wa kuziba ngoma ya sikio, na kilichoshukiwa ni klorheksidini iliyochanganywa na spiriti, dawa ya kusafishia ngozi, iliyotiririka ikaingia sikio la kati. Tangu hapo hiyo haitakiwi karibu na sikio lililo wazi. Hapa ilitumika povidoni ayodini iliyoyeyushwa kwa maji, ile isiyo na sabuni, na mfereji wa sikio ukazibwa pamba wakati ngozi ya nje inapakwa.

Mtaalamu wa usingizi alikuwa na mambo yake. Hakutumia nitrasi oksaidi, kwa sababu gesi hiyo huingia kwenye nafasi zenye hewa na kuongeza shinikizo ndani ya sikio la kati. Kichwa kiliinuliwa kidogo na presha ikashushwa kwa kiasi, ili damu iwe chache na mpasuaji aone. Kuona ni ulinzi. Makosa mengi ya sikio hutokea ndani ya dimbwi la damu. Alimpa deksamethasoni na seftriaksoni kwa mshipa. Jentamisini ya mshipa, ambayo bado inachomwa kwa mazoea katika vyumba vingi vya upasuaji, haikupewa.

Na mpasuaji alikuwa yule mzoefu zaidi aliyepo. Wanafunzi waliangalia kwenye skrini. Sikio pekee linalosikia si mahali pa mtu kujifunza kushika drili.

Kazi yenyewe

Drili hudhuru koklea kwa njia mbili. Moja ni kelele: vipimo vimeonyesha kwamba sauti inayoifikia koklea wakati mfupa unachimbwa huweza kupita desibeli 100, na kichwa cha drili chenye meno kina kelele zaidi kuliko kile cha almasi. Ya pili ni mbaya zaidi. Kichwa kinachozunguka kikigusa fuawe ambayo bado imeungana na kikuku, mtikisiko wote humwagwa ndani ya koklea kupitia daraja lilelile linaloingiza sauti, na zinazokufa kwanza ni seli za sauti nyembamba, hezi 4000 kwenda juu. Mguso wa sekunde moja unatosha. Ndiyo maana, pale vifupa vinapokuwa bado vimeungana, mpasuaji makini hutenganisha kiungo cha fuawe na kikuku kabla ya kuchimba karibu navyo, hata kama atalazimika kuvirudisha baadaye. Kwa Mwalimu, ugonjwa ulikuwa umekwisha kukitenganisha. Mabaki ya fuawe yalitolewa na kichwa cha nyundo kikakatwa.

Mfupa wa nyuma ya sikio ulifunguliwa kwa kichwa kikubwa chenye meno, kisha karibu na utando wa ubongo, mshipa mkubwa wa damu na mfereji nusu duara kikabadilishwa kuwa cha almasi. Maji ya chumvi yalimiminwa muda wote, yakiwa na joto la mwili. Ukuta wa nyuma wa mfereji wa sikio uliondolewa, ili sikio la nje na shimo la mfupa viwe chumba kimoja kilicho wazi. Njia hii humwachia mgonjwa shimo la kusafishwa maisha yake yote, na wapasuaji wengi wa leo huikwepa wakiweza. Kwangu, katika sikio hili, haikwepeki. Ukiuacha ukuta, itabidi urudi tena baada ya miezi kutazama kama ugonjwa umebaki, na kila kurudi ni hatari mpya kwa koklea ileile moja.

Mfuko ulipasuliwa kutoka juu, magamba yakatolewa, ngozi yake ikavutwa taratibu kutoka pembeni kuelekea katikati. Sehemu iliyofunika mfereji nusu duara haikuguswa. Ilizungushiwa mkasi na kuachwa kama kiraka. Chini yake ilionekana mstari wa rangi ya buluu iliyofifia, dalili kwamba mfupa umekwisha na kilichobaki ni utando mwembamba. Kifyonzio hakikuelekezwa hapo. Kilibadilishwa kuwa cha tundu dogo, kikafyonza juu ya kipande cha pamba yenye maji, kidole cha mpasuaji kikiwa kimeachia tundu la mpini ili nguvu ipungue. Perilimfu, maji ya sikio la ndani, ni matone machache tu; ukiifyonza moja kwa moja, umefyonza usikivu.

Hapo ndipo wapasuaji wanapogawanyika. Wapo, na si wachache, wanaoiondoa ngozi hiyo yote, kama hatua ya mwisho kabisa, chini ya maji, kisha wanaziba tundu papo hapo kwa utando wa msuli na unga wa mfupa. Matokeo yao ni mazuri, na hoja yao ina nguvu: ngozi iliyoachwa inaweza kuendelea kula. Madaraja matatu ya ukubwa wa tundu, yaliyopangwa na wapasuaji Dornhoffer na Milewski mwaka 1995, yanasaidia kupima: mfupa umeliwa lakini utando wa ndani uko mzima, au nafasi ya perilimfu imefunguka, au labirinti ya ndani kabisa imevamiwa. Shida ni kwamba huwezi kujua kwa hakika uko daraja gani mpaka uinue ngozi, na ukishaiinua huwezi kurudisha swali. Kwa mwenye sikio la pili zima ningeunga mkono kuiondoa. Kwa Mwalimu, kiraka kilibaki, kikawa sehemu ya ngozi ya shimo jipya, mahali ambapo daktari ataweza kukitazama kwa jicho kila anaporudi.

Kikuku kilipatikana, kizima, kimefunikwa na ngozi ileile. Msuli wake mdogo hukishikilia kwa nyuma, kwa hiyo ngozi ilichunwa kutoka nyuma kwenda mbele, kwa mstari wa kano, ili kano izuie kikuku kisilale wala kung'oka. Kipande kidogo kilikuwa kimeng'ang'ania kwenye bamba la chini, lile linaloziba dirisha la koklea, lenye urefu wa milimita tatu tu. Mpasuaji alikijaribu mara moja kwa wepesi. Bamba likacheza pamoja nacho. Aliacha.

Utando uliochukuliwa kwenye msuli wa panja ulitandazwa moja kwa moja juu ya kichwa cha kikuku, mpango ambao mpasuaji Wullstein wa Ujerumani aliupa namba tatu katika orodha yake ya miaka ya 1950. Hakuna kifupa bandia kilichowekwa. Kifupa bandia kingempa desibeli kadhaa zaidi, na kingekaa kikisukuma kikuku kila siku.

Baada ya hapo

Kwa mgonjwa wa kawaida, uma sauti wa hezi 512 ukiwekwa kwenye paji la uso baada ya upasuaji, sauti inatakiwa iende upande uliopasuliwa, kwa kuwa umezibwa na bandeji. Ikienda upande mwingine, koklea ya upande uliopasuliwa inashukiwa kuwa imeumia. Kwa Mwalimu kipimo hicho kilikuwa rahisi zaidi na kikali zaidi. Ana koklea moja tu iliyo hai. Ama anasikia, ama anahisi mtetemo tu kwenye mfupa. Aliulizwa akiwa bado na usingizi, akajibu kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia kwamba anasikia, upande wa kushoto.

Macho yake yaliruka kidogo kuelekea sikio lililopasuliwa kwa siku moja, dalili kwamba labirinti imekereka lakini inafanya kazi. Yangeruka kuelekea upande wa pili, steroidi zingeongezwa na kipimo cha usikivu wa mfupa kingefanyika saa hiyohiyo. Alilala kichwa kikiwa juu, akakatazwa kupenga kamasi, akafundishwa kupiga chafya akiwa amefungua mdomo.

Bandeji zilipotoka na sikio kupona, usikivu wa mfupa ulikuwa palepale, isipokuwa hezi 4000 iliyoshuka kwa desibeli 5, ambayo ni tofauti ya kawaida ya kipimo chenyewe. Njia ya hewa ilikuwa 55. Kwa namba hiyo peke yake, mtu angesema amezidi kuwa mbaya. Akiwa na shimesikio darasani, anasikia mpaka dawati la nyuma.

Barua iliyokwenda hospitali ya wilaya ilikuwa fupi. Sikio hili lisipigwe maji kamwe. Lisafishwe chini ya hadubini kila miezi sita, na mwanzoni mara nyingi zaidi. Matone ni siprofloksasini tu. Kipande cha shimesikio kinachoingia sikioni kiwe na tundu la hewa, vinginevyo shimo litalowa na usaha utarudi. Kizunguzungu kipya, au usikivu kushuka ghafla, ni dharura ya siku hiyohiyo. Na kwa kuwa mfereji uliotoboka sasa uko karibu na hewa ya nje, upepo wa baridi unaweza kumtia kizunguzungu barabarani: akipanda bodaboda, aweke pamba sikioni kabla ya kofia ngumu.